Maisha ya Mama Seli, Aliyejua Kwa Nini Dawa Imenyamaza

Dada yetu mkubwa, ambaye kazini aliitwa Mama Seli na nyumbani Dada tu, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1964, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi viatu na mpishi wa shule. Familia ilikaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kitinda mimba wa nyumba ile, ndiye huyu anayewasomea, alizaliwa miaka kumi na tano baadaye na alilelewa zaidi mgongoni mwa marehemu kuliko penginepo.

Alimaliza sekondari mwaka 1983, akiwa wa kwanza darasani katika biolojia. Alitaka udaktari. Mwaka huohuo baba aliugua, naye akachukua stashahada ya ufundi wa maabara kwa kuwa ilikuwa fupi. Hakulalamika mbele yetu, nasi hatukumuuliza.

Mwezi Machi 1988 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha moja lisilofunguka, akafanya kazi humo miaka thelathini na minne. Alikuza seli kwenye visahani. Seli zinataka kulishwa kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu, iwe msiba. Fundi wa majokofu alipokuja kutengeneza jokofu la maabara, alilalamika kwamba mwanamke yule alimuuliza nyuzijoto kabla ya kumjibu salamu. Alirudi mara tatu kukagua jokofu ambalo halikuwa na tatizo. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1991, wakajaliwa binti mmoja. Mama mkwe alipomsikia bibi harusi akisema kwa mara ya tatu, "Niwahi, wanangu hawajala," alimwita mwanawe pembeni akamuuliza hao watoto ni wa nani.

Maabara ile ilichunguza jinsi seli zinavyopokea dawa kali za maumivu. Marehemu alitueleza hivi: juu ya seli kuna vipokezi, kama masikio, na dawa ikishika hapo ndipo maumivu hupungua. Dawa ikikaa sana, seli hujilinda. Hukitia kipokezi alama, protini nyingine huja kukibana, na habari haifiki tena ndani. Dawa nyingine hufanya vipokezi vivutwe ndani ya seli, ambako vingine huvunjwa na vingine husafishwa na kurudishwa juu vikiwa tayari kusikia tena. Kwa mofini, vingi hubaki palepale juu, vimenyamazishwa. Aliyaona hayo kwa hadubini, vipokezi vikiwa vimetiwa rangi ya kijani inayong'aa. Picha zake zilichapishwa mwaka 2001 katika makala yenye majina sita. Jina lake halikuwamo. Mwishoni alishukuriwa "fundi wetu".

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho iliyokwishafika kwenye uti wa mgongo. Alilazwa mwezi Aprili na kuanzishiwa mofini, ikamsaidia wiki tatu. Jumatatu tarehe 8 Mei alimwambia daktari wa wodi, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi: "Daktari, dawa hii vipokezi vyangu vimeacha kuisikia. Niongezee, au nibadilishie nyingine."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alitoka na mdogo wa marehemu, yule kitinda mimba, hadi kwenye korido, akamuuliza kama hata nyumbani, kabla ya kulazwa, mgonjwa alikuwa akidai dawa za maumivu kabla ya saa yake.

"Ndiyo, daktari. Hata saa anaitazama."

Lilikuwa jibu la kweli, na lilitolewa na mtu mwenye shahada, aliyesikia habari za vipokezi mezani tangu utotoni, akiitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Faili likaandikwa: anaonyesha dalili za uraibu. Kipimo hakikuongezwa. Mume wake alimsihi asibishane na madaktari wasije wakamchukia. Sisi wengine tulimwambia ajikaze. Wageni walisoma kwenye nyuso zetu yale yaliyoandikwa kwenye faili, na maneno yakatoka nje ya wodi. Yamefika hadi hapa makaburini, tumeyasikia leo asubuhi.

Ijumaa tarehe 19 Mei alirudi kutoka likizo muuguzi anayeshughulikia maumivu ya wagonjwa mahututi. Alisoma faili, akavuta kiti, akauliza, "Mama, unaumwa wapi, na kiasi gani?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kabla ya saa nane mchana daktari mkuu aliidhinisha dawa nyingine. Jioni marehemu aliomba chai, akamcheka mumewe kwa kufunga vifungo vya shati upandeupande.

Kisha alimuuliza mdogo wake huyohuyo, kule kwenye korido yeye alimwambia daktari nini. Alielezwa yote. Aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu.

"Ungeniuliza mimi kwanza," alisema. "Ndiyo kazi niliyoifanya."

Hakusema kwamba amesamehe, na hakuna atakayemsemea hapa.

Alifariki Jumanne tarehe 23 Mei 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mumewe amemshika mkono. Tuliiandikia hospitali ilifute lile neno kwenye faili. Hatujajibiwa. Kwa hiyo linafutwa hapa, mbele yenu: dada yetu hakuwa mraibu. Alikuwa na maumivu, alijua sababu ya dawa kushindwa, na alisema kwa Kiswahili chepesi.

Ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja, wajukuu wawili, kaka wawili, na mdogo wake wa kike.

Apumzike kwa amani ile tuliyomcheleweshea siku kumi na moja.