Koplo Johana Kiplimo arap Sigei: Kutoka Wajir Hadi Nyumbani Boito

Koplo Johana Kiplimo arap Sigei alizaliwa Boito mwaka wa 1939, mwana wa marehemu Mzee Kipsigei na mama Tabutany. Siku yenyewe haikuandikwa, ila mama yake alikuwa akisema ni wakati wa kuvuna wimbi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, na Januari 1960 akaandikishwa jeshini. Alipata ukoplo mwaka wa 1966.

Tarehe 14 Disemba 1963, siku mbili baada ya Uhuru, alifunga ndoa na Rael Chelangat. Akiwa likizoni alijaribu kumfundisha mkewe baiskeli, wakaangukia mtaroni mbele ya watu waliotoka kanisani. Johana aliinuka, akavua kofia, akawaamkia wote kwa heshima kana kwamba ndipo walipokuwa wakienda. Rael angali anacheka akisimulia kisa hicho.

Mwezi wa Mei 1967 alipelekwa Wajir, kwenye vita vya mashifta. Rael alibaki na binti yao mdogo, Joan, naye alikuwa mjamzito tena. Mwezi uliofuata familia iliambiwa kwamba Johana hajulikani alipo, na kwa miaka ishirini na minane haikuambiwa lingine. Rael alikataa kuitwa mjane. Alilima, akachuma majani chai, akasomesha watoto.

Mwaka wa 1995 alilazwa na homa ya mapafu. Muuguzi wake, Quinter, alisikia habari za Johana, akampelekea baba yake huko Kendu Bay, Mzee Kepher Odongo, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Mzee Kepher alishtuka. Yeye na Johana walikuwa kikosi kimoja. Alikuwa amemweleza mkubwa wao kila kitu kabla ya kupelekwa hospitali na risasi mguuni, asijue kwamba mkubwa huyo naye aliuawa wiki hiyohiyo. Miaka yote aliamini kwamba familia inajua. Alikuja Boito mwenyewe.

“Shemeji,” alimwambia Rael, “Johana hakuachwa njiani. Alikufa tarehe 9 Juni, mimi nikiwa naye. Nilimfunika na koti langu, nikamzika kando ya laga, ule mto mkavu, nikapanga mawe juu.”

Rael akauliza kama Johana alisema neno.

“Aliniuliza kama mtoto amezaliwa.”

Rael alimtuma Joan amwite mtoto huyo, Kipngetich, kutoka shambani. Kipngetich alipofika, Mzee Kepher alimshika mikono yote miwili.

Mwezi huu Mzee Kepher, mguu wake ukimsumbua, aliwaongoza wanajeshi na Kipngetich hadi kwenye laga ile. Mawe yalikuwepo. Koti lilikuwa limeoza, lakini kibati cha shingoni kilisomeka namba yake. Tunalishukuru jeshi kwa gari na kwa heshima liliyompa Johana. Kwako Mzee Kepher, familia hii haina neno la kutosha. Boito ni kwenu.

Leo, Jumamosi tarehe 17 Februari 1996, Koplo Johana anazikwa katika shamba la baba yake. Ameacha mjane, Rael Chelangat, ambaye sasa amelikubali jina hilo, watoto wawili, Joan na Kipngetich, wajukuu watano, na ndugu yake wa vita, Kepher.

Mungu aliyemlinda kule ukame ulikokuwa amlaze hapa kwa amani, kati ya watu wake.