Tezi ya Fundi Ngumbao

Mwaka ule wa sitini na moja, kijiwe chetu cha Likoni, hapo juu ya kivuko, kilikuwa kimepiga marufuku maneno ya Mwambao, yaani pwani ijitawale au isijitawale, kwa sababu watu wawili walishaacha kupeana salamu kwa ajili yake. Basi asubuhi hiyo tulikuwa tukijadili mafuta ya Fundi Ngumbao, mshonaji wetu, na nasema wazi kwamba sijapata kufurahi kijiweni kama siku ile. Ngumbao alikuwa na kitambi kizuri cha mtu mzima. Kwa miaka miwili kitambi kikayeyuka, huku vidole vikivimba hata kastabini ya kushonea haimwingii, viatu vikambana, na taya likatoka mbele. Daktari alimtaka avuke akalazwe hospitali siku hiyo hiyo saa nne, naye alikuwa amekaa nasi, anakataa. Benchini walikuwapo Abdillahi, tuliyemwita Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, kwa kuwa alifanya kazi vyomboni miaka thelathini. Mohdhar muuza nyama, jina lake la utani Mkia. Na Khamis mwenye dele la kahawa.

— Hebu rudia alivyosema daktari, Serahangi akamwambia Ngumbao. Neno kwa neno.

— Dresa, yule msaidizi wa daktari, ndiye aliyenifasiria. Kasema tezi yangu yatoa maji mengi kupita kiasi. Maji hayo yakuza mifupa, yala mafuta. Na mafuta yaliyosalia yamekazana, yamejaa nyuzi. Ugonjwa uko kwenye tezi, na hiyo tezi ndiyo watakayoitibu.

— Tezi, kasema?

— Tezi.

Serahangi akaweka kikombe chini taratibu, kama kadhi anayetaka kutoa hukumu.

— Jamani, mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Hilo halina mjadala. Na mwili wa mtu ni chombo. Tezi ya mtu ni hapo anapokalia.

— Ndipo nikasema siendi, Ngumbao akasema. Mimi fundi cherehani, bwana. Nala kwa kukaa. Wakinikata huko, nitashona nimesimama? Na wanangu wanne je?

Alisema kwa sauti ndogo, na hapo tulimhurumia kweli. Lakini Serahangi alikwisha kung'oa nanga.

— Mtazameni wenyewe. Shehena imehama tezi, imekwenda omo. Ndiyo maana taya limetoka na mikono imekuwa mizito. Chombo kimeinamia mbele. Daktari atatoboa nyuma, kikae sawa.

— Serahangi, bahari waijua, nyama huijui, Mkia akamkata. Mimi nachinja miaka ishirini. Kondoo huweka mafuta yake nyuma, mkiani. Akiwa mchanga, mafuta laini, wayakata kwa uzi. Lakini beberu mzee, au fahali asiyehasiwa, mafuta yake ni haba na yana nyuzi, kisu chakwama. Lete tumbo, fundi.

Akamfinya Ngumbao ubavuni kama anayenunua mnadani.

— Wallahi ni nyuzi. Huyu amekuwa fahali. Maji ya ufahali yamemzidi.

— Nina miaka arubaini na mitatu, Ngumbao akasema.

— Ufahali hauulizi miaka.

Khamis, aliyekuwa akimimina kahawa kimya, akakohoa.

— Mimi naona mafuta hayapotei. Yahama. Tangu fundi aanze kukonda, mimi nimetoboa mshipi matundu matatu mapya. Na hapa twakaa ubavu kwa ubavu.

Sote tukalitazama tumbo la Khamis. Lilikuwa kubwa, hilo hatukuweza kulikana.

— Basi nirudishie, Ngumbao akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea mkewe, Nyevu, amebeba furushi la nguo za hospitali.

— Salamu zenu. Ngumbao, feri yakaribia.

— Mama Kombe, Serahangi akasema kwa heshima, mumeo hawezi kwenda. Atakatwa tezi. Nyuma huko.

Nyevu akatutazama mmoja mmoja.

— Nyuma wapi?

Serahangi akaonyesha benchi, kwa adabu.

— Haya. Kama ugonjwa uko huko, mbona daktari alimpiga picha ya kichwa?

Mkia akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Hiyo si ilikuwa ya kipande, ya kitambulisho? Ngumbao akauliza. Serikali huanza na picha ya kichwa.

— Picha ya kipande ulipigwa umelazwa ubavu, gizani, kwa mashine inayoonyesha mifupa?

Nikamwona Ngumbao akijishika utosi kwa mkono wake mkubwa.

— Kwa hiyo tezi yenyewe iko humu kichwani?

— Chini ya ubongo. Dresa alinieleza pole pole, wewe ulikuwa watafuta kofia. Na kasema tukiwahi, yazuilika.

Ngumbao akavuta pumzi ndefu. Uso wake wote ukafunguka, nami nikafurahi naye kama ndugu yangu. Akasimama, akalichukua furushi mikononi mwa mkewe.

— Si ungesema mapema, Mama Kombe? Twende zetu. Kichwa sikikalii.