Historia ya Maisha ya Marehemu Wendt, Mke Mwenza wa Leona Gorecki

Ndugu waombolezaji, wafanyakazi wenzangu wa zamani, majirani wa Marlow na wageni wetu, mimi Ted Hruska, katibu wa chama cha wafanyakazi, nimeombwa kusoma historia hii leo Jumamosi tarehe 19 Julai 1980, lakini aliyeiandika ni Bi. Leona Gorecki, aliyeketi pale mbele na mumewe Casimir, kwa kuwa hakuna aliyemjua marehemu kama alivyomjua mke mwenza wake.

Marehemu, Kampuni ya Magari ya Wendt, alizaliwa Jumatano tarehe 3 Mei 1911 hapahapa Marlow, Indiana, katika banda la Otto Wendt, fundi wa magari ya farasi, akajifunza kazi mwaka 1917 kwa kuunda malori ya jeshi, na kufikia mwaka 1926 malori yake ya maziwa na magari yake ya familia yalikuwa yanafika hadi Montana, naye alikuwa na umbo kubwa, sauti nzito, na, Leona anakiri shingo upande, alikuwa mrembo.

Mwaka 1954 aliolewa na kampuni ya majokofu ya Ohio, lakini kuolewa hakukumzuia kuchukua waume wa watu. Casimir alikuwa ameshachukuliwa tangu mwaka 1949, akiyafungia malori milango kiwandani, na Jumamosi tarehe 12 Agosti 1950, siku ya harusi yake na Leona, alivua koti saa kumi jioni, keki haijakatwa, akaenda zamu ya pili kwa sababu lori jipya lilikuwa linatoka, akamwambia bibi harusi, "Wewe upo tu, Leona, lori ndilo halingoji."

Marehemu alijaliwa watoto wengi, miongoni mwao gari Prairie na lori Ox, ambalo Casimir alilipaka nta na kulisugua kila Jumapili baada ya misa, huku watoto wake wa kuzaa, Judith na Raymond, wakimtazama dirishani. Leona aliona wivu, wivu wa kweli, wa kumnyima mtu usingizi.

Mwezi Machi 1974 wivu huo ulimpanda kichwani, akanunua gari la kijani la kampuni hasimu kwa mshahara wake wa jikoni shuleni, akaliegesha mbele ya lango la kiwanda zamu ikitoka, ilhali hata kasisi alijua kwamba magari ya kampuni nyingine huachwa ng'ambo ya reli, mbali na kiwanda. Mfanyakazi mmoja alisema kwa sauti, "Gorecki, shemeji katuletea mgeni," wakacheka, Casimir akalipita kana kwamba hamjui aliyemo ndani, akatembea maili tatu kwenye theluji, na kwa miaka sita hakukanyaga gari lile.

Marehemu alianza kuugua mwaka huohuo, petroli ilipoadimika na injini zake zikawa na kiu isiyokatika, hali ikawa mbaya mwaka 1979, akakata roho Ijumaa tarehe 27 Juni 1980, saa nne na dakika ishirini asubuhi, lori la mwisho lilipotoka. Leona hakulia. Alikuwa langoni na gari lake la kijani, Casimir akatoka na kisanduku chake cha chakula, akasimama, kisha akafungua mlango akaingia. Walipofika relini akasema, "Basi, Leona, nimebaki na wewe," akaangua kilio, mtu ambaye hakulia alipomzika mama yake, naye Leona akaendelea kushika usukani, akijua kwamba amempata kwa sababu mwenzake amekufa, si kwa sababu amechaguliwa.

Tunawashukuru madaktari wake, yaani wahandisi na wahasibu waliotoka Chicago kujaribu kumwokoa, majirani walioleta pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kuchemsha, na kahawa, na wafanyakazi wa zamu zote tatu. Bi. Leona ameomba nimalizie kwa maneno yake mwenyewe, nami nayasoma kama yalivyo: king'ora cha kiwanda kimenyamaza, lakini Casimir bado anaamka saa kumi na mbili kasorobo, anavaa viatu, anaketi ukingoni mwa kitanda akikisikiliza. Pumzika kwa amani, mwenzangu. Ujana wake umeula wewe, uzee huu niachie mimi.