Mtoto wa Jaani: Historia ya Dk. Shamsia binti Bwanaheri

Masheikh zetu, wazee wetu, jamaa mliotoka Saadani na Mapinga, majirani wa hapa Fukayosi, na kina mama mlioko uani mnaosikiliza kwa spika, assalaam aleikum. Ukoo umemteua Masoud, mtoto wa mjomba wa marehemu na mtani wake wa miaka yote, awasomee habari za maisha yake kabla hatujamswalia, na kwa kuwa Masoud huyuhuyu alikuwa karani wake kwa miaka ishirini na sita, wapo waliokwisha kunong'ona kwamba atapendelea. Hatapendelea. Yamo humu mambo ambayo wengine katika ukoo hawakutaka yasomwe, tumebishana tangu alfajiri, na tumekubaliana yasomwe kwa sababu kuanzia asubuhi ya leo kina mama ishirini na tatu wameshakwenda zahanati kuomba majina ya watoto wao yafutwe kwenye daftari la kaya, na muuguzi anayezunguka na chanjo ya surua hufuata daftari hilo nyumba kwa nyumba, na chanjo yenyewe ni Alhamisi hii.

Dk. Shamsia alizaliwa hapahapa Fukayosi, siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni 1961, akiwa mtoto wa sita wa mzee Bwanaheri Kondo na Bi Saida binti Amiri, wote marehemu. Pasi yake ya kusafiria inasema tarehe mosi Julai, na mama yake alipoulizwa siku zote alijibu kwamba hakumbuki, lakini alikumbuka vizuri sana. Watoto watano waliomtangulia walikufa wote kabla ya kutembea, wamezikwa nyuma ya nyumba ile mnayoiona, na huyu wa sita alipotimiza siku saba bibi yake alimlaza kwenye ungo, akampeleka jaani jua likiwa limeshapanda, akamwacha juu ya majivu na maganda ya mihogo, akaondoka bila kugeuka. Jirani mmoja, Bi Rukaya, aliyekuwa ameshaagizwa, akapita, akamwokota, akapiga hodi na kusema ameokota mtoto, nao wakamjibu kwamba kama ameokota basi awaachie wamlelee. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoamini kwamba kifo hudanganywa, na sharti lake lilikuwa moja tu, mtoto wa jaani hahesabiwi wala haandikwi kati ya watoto wa mama yake, mpaka siku atakapoitwa kwa jina la mama huyo kwenye talqini, anaposomewa kaburini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 katika shule ya msingi hapa kijijini, akaandikishwa kama mtoto wa Bi Rukaya aliyemwokota, akafaulu kwenda sekondari ya bweni mwaka 1976, akasomea udaktari jijini Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1988, kisha kati ya mwaka 1993 na 1995 akaenda Uholanzi kusomea afya ya jamii. Tarehe 9 Juni 1990 alifunga ndoa na Bwana Abdulrazak Ausi, mtu wa mji mkongwe wa Bagamoyo, muuza vitambaa, mpole, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016, na Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Sophia, ambaye yuko nasi na ndiye aliyetoa ruhusa ya kusomwa haya yote.

Mwaka 1998 marehemu alianzisha daftari la kaya katika vijiji vya wilaya hii, kila nyumba ikapigwa kibao cha namba mlangoni, kila mama akaandikiwa watoto aliowazaa, waliopo na waliokufa, na kila baada ya muda makarani wakarudi kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa ugonjwa gani. Kwa daftari hilo alijua ni kisima kipi kinaua na ni mwezi gani malaria inapanda, akaandika mambo ambayo madaktari wa nchi za mbali wanayasoma, na akaja kwenye baraza zetu kutueleza kwa Kiswahili cha kwetu, akigombeza. Alikuwa mkali, tusidanganyane, karani aliyekosea tarehe moja alirudishwa kwa miguu mpaka mwisho wa kijiji.

Sasa, nyumba ya mama yake ilikuwa kaya namba arobaini na sita, na nyumba hiyo ndiyo iliyotunyima raha. Mwezi Machi 1999, saa nne asubuhi, Masoud alikwenda kumwandika shangazi yake Saida, akapita uani, akakuta watoto watano wamekaa juu ya mkeka mmoja, wamenyamaza, aliye mdogo kashika pindo la gauni la mkubwa, akawatolea salamu nao hawakuitikia, akadhani ni wa jirani walioshikwa na haya, akawahesabu, akaandika watano. Shangazi alipoonyeshwa karatasi aliitazama kwa upole, akasema, basi leo umewaona na wewe. Masoud alirudi uani na kukuta mkeka mtupu, na tangu siku hiyo hajapita uani kwa shangazi bila kusoma Ayatul Kursi.

Angekuwa Masoud peke yake tungesema ni jua la Machi, lakini mwaka 2003 alikwenda karani mgeni kutoka Singida, ambaye hakuna aliyempa habari hizo, akarudi na watoto watano, mwaka 2007 akaenda binti wa Saadani, naye akarudi na watano, na mpaka mwaka 2023 ikawa mara saba, daima watano, daima wamekaa, daima kimya. Na hao ambao hawapo walipoandikwa, yule aliyepo hakuandikika, maana kila Masoud alipoingiza mstari wa sita wenye jina la Shamsia, duru iliyofuata mstari ulikuwa haupo. Ofisi ilifukizwa ubani, kikasomwa kisomo, kompyuta mbili zikabadilishwa, na mwaka 2009 Masoud akapewa barua ya onyo kwa uzembe wa kupoteza kumbukumbu, iliyotiwa saini na binamu yake mwenyewe, yaani marehemu, ambaye alicheka na kusema kwamba majini hayajui kutumia kompyuta, hilo ni kosa la karani.

Mwaka 2014 surua iliingia kitongoji cha nyuma ya mto, muuguzi akapita na daftari lake, na kina mama wanne waliokuwa na watoto wa jaani, ambao kwa mwiko uleule hawakuwaandikisha, hawakugongewa mlango. Watoto wanne walikufa ndani ya siku kumi na moja, mmoja wao akiwa Hija, mtoto wa Bi Mwanamvua, mwenye umri wa miaka mitatu. Marehemu aliitisha mkutano, akasema kwa uchungu kwamba mwiko ndio uliowaua, na Bi Mwanamvua akasimama, akamwamkia kwa adabu zote, akamuuliza kwamba yeye daktari, kwenye daftari lake, mama yake kaandikwa ana watoto wangapi. Marehemu alikunja karatasi zake, akaingia ndani ya gari, na kwa miaka kumi hakuzungumza tena habari za jaa mbele za watu, na kina mama wakaendelea kuficha.

Alistaafu mwaka 2021, akatoka Mapinga alikokuwa akiishi na kurudi kuishi katika nyumba ya mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia, huku akiendelea kuisimamia kazi ya daftari. Kisha Jumamosi ya tarehe 22 Februari 2025, wiki moja kabla ya mfungo, aliwaita kina mama wote zahanati, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yao, akamwamuru Masoud afungue kaya namba arobaini na sita kwenye kishikwambi. Waliokuwapo wanakumbuka kwamba mkeka wa mbele ulibaki wazi na watu wamebanana nyuma, na Masoud alipowaomba wasogee, wakamwambia taratibu kwamba mbele wamekaa watoto. Masoud hakuona mtoto, ila alimwona marehemu akiutazama mkeka ule, akivuta miguu yake nyuma kama mtu anayeogopa kumkanyaga mwenzake.

Akataja majina kwa sauti, Ausi aliyefariki mwaka 1951, Husseni 1953, Mwanaidi 1955, Amiri 1957, na mchanga wa mwaka 1959 aliyekufa bila jina, ambaye alimpa jina palepale akamwita Salama, kisha akasema wa sita ni Shamsia, mtoto wa Saida, amezaliwa tarehe 14 Juni 1961, yu hai, andika. Masoud akaandika. Kina mama wakaanza kusogea, mmoja akakaa kwenye mkeka wa mbele bila kufikiri, hakuna aliyemkataza, na siku ile watoto sitini na mmoja waliokuwa wamefichwa wakaandikwa.

Marehemu alifariki nyumbani kwake jana Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, siku sabini na nane baada ya kuandikwa. Mnasema nini huko uani tunajua, maana mnasema kwa sauti. Mnasema kwamba kifo kilimtafuta miaka sitini na tatu kisimwone, akajitaja mwenyewe, kikamwona, na kwamba kama daktari hakuponea, mtoto wa miezi saba ataponea wapi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na la kuvunda halina ubani, kwa hiyo tunasema. Sophia amefungua kabati la mama yake na kukuta bahasha yenye jina la Masoud. Ndani yake imo barua ya hospitali ya tarehe 19 Novemba 2024, inayosema marehemu alikuwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea, na kwamba alibakiwa na miezi sita, ikizidi sana. Hakumwambia mtu, hata Sophia. Zimo pia fomu za marekebisho kumi na tatu, kuanzia mwaka 1999 mpaka 2023, zote zikiagiza mstari wa sita wa kaya namba arobaini na sita ufutwe, zote kwa mwandiko wake na saini yake. Hapakuwa na jini wala karani mzembe. Alikuwa akijifuta mwenyewe, mara kumi na tatu, msomi yule, bingwa yule, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Ndugu zangu, kuandikwa hakukumwua. Aliandikwa kwa kuwa alikuwa anakufa, alipoona hakuna tena cha kupoteza ndipo alipothubutu kufanya lile alilotutaka tulifanye miaka yote, na kama angethubutu mwaka 1999 wale wanne wa nyuma ya mto pengine wangekuwa leo wanatubebea maji. Hilo limeandikwa kwa mkono wake nyuma ya barua, ameomba lisomwe, na ameomba wale kina mama wanne waambiwe mapema, kabla hajaswaliwa. Wameambiwa leo asubuhi. Watatu walilia. Bi Mwanamvua hakusema kwamba amesamehe wala kwamba hakusamehe, aliingia ndani, akakunja mikono ya gauni lake, akaomba apewe kata, akamwosha maiti kutoka kichwani mpaka miguuni pamoja na waoshaji.

Kuhusu wale watoto watano wa uani, hakuna fomu wala barua katika bahasha inayowaeleza, na Masoud hawezi kuwaeleza. Marehemu aliandika tu kwamba na yeye alikuwa akiwaona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu na kumtunzia siri yake, majirani waliopika na kuchota maji tangu jana, makarani wenzake wa daftari, vijana waliochimba kaburi katika ardhi ngumu ile, na imamu wetu aliyekubali mambo haya yasomwe mbele ya jeneza.

Limebaki moja. Tarehe 20 Aprili mwaka huu alizaliwa mtoto wa kike Mapinga, nyumbani kwa Farhan, mwana wa Masoud, mama yake anaitwa Mina, ambaye ameshazika wawili. Alipotimiza siku saba alipelekwa jaani. Mkewe Masoud ndiye aliyemwokota, na aliyembeba kwenye ungo mpaka kule ni Masoud mwenyewe, karani wa miaka ishirini na sita, aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia msiogope, na usiku ule alimwomba Mungu daftari lisimwone. Marehemu aliambiwa akiwa kitandani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakumtania binamu yake.

Jina la mtoto lipo chini ya karatasi hii, limeandikwa asubuhi ya leo kwa mkono wa Mina, na Masoud aliapa mbele ya maiti kwamba atalisoma. Analisoma. Ni Shamsia, mtoto wa tatu wa Mina, yu hai, na Alhamisi, ingawa hajafikia umri wa chanjo ya surua, atakuwa wa kwanza kwenye foleni ya zahanati kuandikwa daftarini, babu yake kambeba, na anayetaka kuja kumtazama kama bado anapumua, aje na mtoto wake.

Nenda kwa salama, binamu. Pumzika.