Kalavati la Miezi Sita

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa uani, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya kaka yetu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi hii nimeiandika mara tatu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa pili wa fundi mwashi na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1976, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya uhandisi wa ujenzi mwaka 1981, na tarehe 2 Agosti 1982 akaajiriwa na manispaa yetu, wakati mji ukiishia pale kwenye kituo cha mafuta na ng'ombe wakilishwa mahali lilipo soko leo. Tarehe 9 Februari 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, ambao wote walifundishwa kuvuka barabara kabla ya kufundishwa kuhesabu.

Mwezi Machi 1991, mvua zikiwa zimekaribia, aliagizwa kupitisha maji chini ya barabara inayotoka hapa kwenda makaburini, akalaza kalavati, yaani mabomba mawili membamba ya zege, yakae miezi sita tu mpaka daraja lijengwe, na kwa kuwa ofisini hapakuwa na fomu ya kazi ya muda, na mafundi walikuwa wanahitajika kwingine, alichukua fomu iliyokuwepo, ile ya kazi iliyokamilika, akaitia saini. Hilo ndilo kosa lake, na aliniagiza nilisome mbele yenu bila kulipaka rangi.

Tangu hapo kila Januari aliandika barua kuomba daraja, na kila Machi alijibiwa kwamba kazi hiyo ilikamilika mwaka 1991, tazama kiambatisho, na kiambatisho kilikuwa saini yake mwenyewe. Mji ulikua, nyumba zikajengwa hadi ndani ya mkondo wa maji, malori yakaanza kupita, wakurugenzi wakaja na kuondoka, wenzake ofisini wakambatiza jina la Kalavati, naye akaliitikia, na shemeji akawa anawaambia wageni kwamba ana mke mwenza wa zege, mgonjwa, asiyekufa wala kupona.

Tarehe 22 Aprili 2006 mabomba yaliziba, maji yakapita juu ya barabara na kumchukua mshonaji aliyekuwa akivuka kupeleka sare za shule, mama wa watoto wanne, na kaka ndiye aliyemtoa matopeni. Kwenye kikao cha uchunguzi alisimama akasema saini ni yake, mwenyekiti akamwomba aketi, kwa sababu taarifa ilikuwa imeshaandikwa kwamba ni mvua. Sijawahi kumwona mtu mwingine akiomba kulaumiwa akanyimwa. Tangu siku ile hakucheka vizuri, nami sitawadanganya kwamba alipoa.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2016, lakini kila masika alikwenda na koleo lake kuzibua, mpaka Novemba 2022 alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, na barua mbili za mwisho akamwandikisha binti yake mkubwa. Jibu la mwisho lilifika Machi mwaka huu, nalo mnalijua. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 68, na jambo la mwisho aliloniuliza ni kama maji yamepungua, nikamjibu yamepungua, na nilisema uongo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani walioleta viti na maturubai, wafanyakazi wenzake, watoto wa yule mshonaji, ambao wamekuja na wameketi pale nyuma, na ofisi ya manispaa kwa barua yake ya rambirambi, isemayo kwamba marehemu ameacha kazi zake zote zikiwa zimekamilika.

Sasa tunaondoka. Njia ni ileile, hakuna nyingine, kwa hiyo basi letu litavuka likiwa tupu, sisi tutashuka tuvuke kwa miguu, na gari lililombeba litapita peke yake. Pumzika kwa amani, kaka, tutakuvusha polepole.