Gesi ya Otuoma na Ngiri ya Luhaga

Benchi la kahawa pale Mkolani limeegemea ukuta wa duka langu, kwa hiyo nasikia hata nisiyoyataka. Lina sheria moja tu: nafasi ya karibu na jiko na kikombe cha kwanza ni vya mwenye ugonjwa mzito kuliko wenzake. Tangu apasuliwe ngiri, Luhaga, wanayemwita Koti kwa kuwa koti lake halivui hata jua likiwaka, alivishikilia vyote viwili kama urithi wa babu yake. Jana asubuhi mwenzao Otuoma akarudi kutoka hospitali na plasta mkononi. Nestory, maarufu kama Kamati, akamkalisha karibu na jiko, akammiminia yeye kwanza. Koti akanuna.

KOTI: Kamati, umekosea mtu.

KAMATI: Sijakosea. Mwenzako katiwa gesi kwenye mshipa.

KOTI: Gesi ipi? Ya kupikia?

OTUOMA: Kaboni dayoksaidi, hii hii tunayoitoa tukipumua. Walitaka picha ya mishipa ya mikono. Kwa kawaida wanachoma dawa ili mshipa uonekane, lakini dawa ile inazitesa figo, na zangu zimechoka. Wakatumia gesi. Inaisukuma damu pembeni kidogo, picha inapigwa, halafu gesi inakwenda mapafuni, unaitoa kwa pumzi.

KAMATI: Umesikia? Kwa pumzi. Ngiri yako ilitokea wapi?

KOTI: Mimi nilipasuliwa, bwana. Kwa kisu. Huyu kajazwa upepo kama tairi la baiskeli.

KAMATI: Hiyo ndiyo gesi ya soda. Otuoma ukimtikisa sasa hivi, anatoa povu.

KOTI: Gesi hata mimi ninayo. Tangu juzi nakula maharage. Mbona sipewi kikombe?

KAMATI: Yako ya jikoni. Ya mwenzako imewekwa na daktari.

KOTI: Daktari wangu aliita wanafunzi waje waitazame ngiri. Walijaa chumba kizima.

OTUOMA: Kwangu alikuwepo daktari na mtu wa mashine tu.

KOTI: Mnaona? Watu wawili.

Kamati alipoona mgonjwa wake anazidiwa, akaongeza chumvi.

KAMATI: Huyu hata akitumbukia ziwani hazami. Anaelea kama boya la nyavu.

KOTI: Aelee wapi? Mimea inakula gesi hiyo, tulifundishwa shule ya msingi. Akisinzia kwenye shamba lake la Buswelu, mihogo itamfyonza abaki ngozi.

KAMATI: Basi ndiyo maana nasema ugonjwa wake mzito.

KOTI: Aonyeshe kovu.

OTUOMA: Hakuna kovu. Ni tundu la sindano.

KOTI: Hana kovu, na amekalia nafasi yangu.

Nimeona watu wakioneana wivu kwa nyumba na kwa ng'ombe. Kwa figo mbovu, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Ndipo akatoka dukani kwangu Paskazia, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, na sabuni yake mkononi. Alikuwa amesikia yote.

PASKAZIA: Shikamooni.

Wakaitikia marahaba.

PASKAZIA: Samahani, baba zangu. Hiyo mishipa walikuwa wanaitafutia nini?

Kamati akamtazama Koti. Koti akalitazama jiko. Asubuhi nzima walikuwa wameijadili gesi mpaka ikaota mihogo, na hakuna aliyeuliza hilo.

OTUOMA: Wanataka mshipa wa kuniunganisha na mashine ya kusafisha damu. Wa mkono wa kushoto haufai. Jibu la wa kulia ni Jumatatu.

KOTI: Na wa kulia ukikataa?

Otuoma akamsogezea Koti kikombe, kimejaa vilevile kilivyomiminwa.

OTUOMA: Chukua, ndugu yangu. Maji yangu ya siku nzima napimiwa. Kahawa siigusi.

KOTI: Sasa mbona ulipokea?

OTUOMA: Nilikuwa naota joto lake. Halafu mlikuwa mnagombana vizuri.

Koti akakishika kikombe alichokililia tangu asubuhi, akampa Kamati. Kamati akampa Paskazia, naye akakirudisha kwenye benchi. Kahawa ikapoa pale katikati yao. Jana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.