Sydney Obura na Vyumba vya Miezi Sita

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna kiti hapo karibu, vuta ukae. Kama sufuria iko motoni, punguza moto kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlipishana naye pale Kitengela na hamkujua jina lake. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti la mvua hata siku ya jua kali. Aliitwa Sydney Obura. Alikuwa afisa wa nyumba katika baraza la mji. Alifariki mwezi wa Agosti mwaka huu, 2005.

Sydney Obura, afisa wa nyumba. Aliwapa vyumba watu wasio na makao, na yeye mwenyewe akafa kabla ya kujenga kwao.

Tuanze na mvua. Mnaikumbuka ile mvua ya El Nino, iliyoanza mwishoni mwa mwaka wa 1997. Mto wa Kitengela ulifurika, ukabeba nyumba za watu waliokuwa wakikaa bondeni. Walikuwa wachimba mawe wa kwari, akina mama wa mboga, na familia chache za Kimaasai ambazo mifugo yao ilikuwa imekwisha. Walilala makanisani. Walilala madarasani. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na watoto hawawezi kusoma darasa lenye vitanda. Baraza likamwita Sydney. Likamwambia atafute mahali pa kuwaweka watu hawa kwa muda wa miezi sita.

Hapo ndipo lile koti la mvua lilipoanza kazi. Sydney alichagua uwanja ulio kando ya soko la mifugo. Mvua ilipokuwa ikinyesha, na wenzake wakiwa ofisini na chai, yeye alikwenda kusimama uwanjani. Alitaka kuona maji yanapita wapi. Pale yalipotuama, alikataa pajengwe. Pale yalipokimbia, alipigilia kigingi. Alipanga choo kikae upande ambao upepo hautoki. Alipanga bomba la maji lisiwe mbali na wazee. Na alitaka kila familia iwe na mlango wake.

Jambo hilo la milango lilizua maneno kwenye kamati. Diwani Lesiamon, ambaye sasa amestaafu, alitusimulia akicheka.

"Mimi nilimwambia, Obura, wewe ukijengea hawa watu vizuri, hawatatoka! Akaniuliza, 'Na tukijenga vibaya, mheshimiwa, watatoka waende wapi?' Nikapitisha milango yake."

Vyumba vikajengwa. Ukuta wa mabati, paa la mabati, sakafu ya saruji. Siku ya kuhamia, Sydney alisimama mlangoni kumkaribisha mama mzee aliyeitwa Naipanoi. Alikuwa amejifunza salamu ya Kimaa.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia Naipanoi kwa Kimaa. Akagonga ukuta kwa fimbo yake, ukalia. "Sasa hii ni nyumba ama ni sufuria? Mimi nikiweka mbuzi humu asubuhi, mchana nitamkuta ameiva."

Watu wakacheka sana. Sydney naye alicheka. Lakini kesho yake alirudi na magunia ya katani, wakayatundika chini ya paa ili joto lipungue.

Miezi sita ikaisha. Kiwanja walichotengewa watu hawa kikawa na kesi mahakamani, familia mbili ziking'ang'ania kwamba ni chao. Baraza likasema, tusubiri. Mwaka ukaisha. Mwaka wa pili ukaisha. Watu wakaanza kuiita kambi ile Miezi Sita, na Sydney naye wakamwita hivyo hivyo. Akipita, watoto waliimba, "Miezi Sita amekuja! Miezi Sita amekuja!" Aliwapungia mkono. Mkewe, Caren, anasema nyumbani jina hilo lilimchoma.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni hapa vizuri. Siku moja ya mwaka wa 1999 palikuwa na mkutano kambini. Mchimba mawe mmoja, Makokha, alisimama na hasira zake. Mtoto wake alikuwa mgonjwa wa kifua wiki nzima kwa sababu ya baridi ya mabati.

"Wewe unatuambia tungoje," alisema Makokha. "Ni rahisi kwako! Wewe Krismasi ikifika unaenda kwenu, unafungua mlango wako, unalala. Sisi ndio kanjo, hili baraza lenu, imetufungia kwa debe."

Sydney alisimama. Na maneno haya waliyasikia wengi.

"Hata mimi sina nyumba kwetu. Na sitajenga, mpaka wa mwisho wenu atoke hapa."

Kwa Mjaluo, hilo si neno la kusema hivi hivi. Sydney alitoka Alego. Kwao, nyumba yake ya ujana, ile wanayoiita simba, ilikuwa imeanguka. Mtu mwenye watoto wakubwa hajengi simba tena. Anatoka kwa baba yake na kuanzisha boma lake. Na boma halianzishwi kwa kutuma fundi. Mwenyewe huenda alfajiri, na mkewe, na mwanawe wa kwanza, na mzee wa ukoo, na shoka, na jogoo. Nyumba husimama siku hiyo hiyo, na hapo hulala. Mume asipojenga, mke hana pa kuweka hata chungu.

Caren alizisikia habari hizo sokoni, kwa muuza nyanya. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

"Baba Elsie, ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilisema ulichosikia."

"Na mimi uliniuliza?"

Caren anasema hakumlaumu siku hiyo. Alidhani ni jambo la mwaka mmoja.

Kila Desemba walikwenda Alego. Kila Desemba Caren alilala jikoni kwa mke wa shemeji yake, na Sydney alilala kwenye simba ya watoto wa ndugu yake kama kijana asiyeoa. Mwanamke yule alikuwa na mdomo. "Mwalimu wa kuogelea amezama," alisema akikoroga uji, wanawake wengine wakisikia. "Mumeo anagawa nyumba huko Kitengela, wewe unapishana na kuku wangu." Caren alitabasamu, akaendelea kuosha vyombo. Vyombo vya nyumba ya mwingine.

Kesi ya kiwanja iliisha mwaka wa 2002. Familia zikaanza kutoka, moja moja. Makokha alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Kabla ya kuondoka, alimfuata Sydney ofisini.

"Mzee, nenda ujenge. Ile siku nilikuwa na hasira tu. Mimi nimekuachilia."

"Asante, Makokha," alisema Sydney. "Lakini maneno yalitoka kwa mdomo wangu, si wako."

Kufikia mwanzo wa mwaka wa 2004, alibaki mmoja tu. Alikuwa Naipanoi. Binti yake, Resian, alikuwa akimjengea kwenye kiwanja kipya. Caren akaanza kuwa na furaha ya wazi. Baba mdogo wa Sydney, kule Alego, aliambiwa akate miti. Likizo ikaombwa. Jogoo akatafutwa, mweupe, mwenye sauti. Kamati ikaamua kwamba Naipanoi akitoka tu, vyumba vyote vibomolewe.

Naipanoi akatoka. Alimbariki Sydney kwa kumtemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wa Kimaasai wanavyofanya. Akapanda pikapu ya mkwewe na godoro lake, akaenda.

Kesho yake, mwanamke aliyeitwa Kavutha aliingia ofisini kwa Sydney na watoto watatu. Nyumba aliyopanga karibu na kwari ilikuwa imeungua, na mumewe alikuwa hajulikani aliko. Mtoto mdogo alikuwa na kiatu kimoja. Kavutha hakulia. Aliuliza tu kama kanjo iko na mahali.

Wasikilizaji wapendwa, mahali palikuwapo. Vyumba vitupu vilikuwa vikingoja nyundo. Na Sydney alijua. Kama angesema "hapana mahali," hakuna ambaye angemlaumu. Kamati ilikuwa imeshaamua. Wiki ile ile angekuwa Alego, na shoka begani.

Alisimama, akavaa koti lake, akawapeleka. Akawafungulia kile chumba cha Naipanoi.

Caren aliambiwa jioni, wakiwa mezani.

"Nilimwambia, uliahidi wale wa mafuriko. Huyu si wa mafuriko," Caren alitusimulia. "Akasema, 'Nilisema wa mwisho.' Nikamwambia, basi hatutajenga kamwe, kwa sababu watu wasio na nyumba hawatakwisha, Baba Elsie, hawatakwisha! Na sisi je? Akaacha kula. Akaniambia, 'Caren, kuna watoto.' Hiyo tu. Jogoo nilimchinja Jumapili. Sikumla."

Vyumba havikubomolewa. Baada ya Kavutha ikaja familia nyingine, kisha nyingine. Kambi ikajaa tena. Sydney alizibua mifereji, akabadilisha magunia yaliyooza. Hakuzungumzia tena habari za Alego. Desemba ile Caren alikataa kusafiri.

Agosti mwaka huu, Sydney Obura alianguka ofisini. Moyo. Walipomfikisha hospitalini, alikuwa amekwisha kwenda.

Na sasa desturi ikadai haki yake. Mwanamume hawezi kuzikwa kwenye boma ambalo hana nyumba ndani yake. Miti ile aliyokata baba yake mdogo ilikuwa imelala nyuma ya zizi zaidi ya mwaka, nusu yake imeliwa na mchwa. Wanaume wa Alego wakachagua iliyosalia. Kutoka Kitengela lilikuja basi la watu wa kambi, wa zamani na wa sasa. Makokha alikuwa wa kwanza kushuka. Akavua shati, akapanda juu ya paa na nyundo.

Baba mdogo alimuuliza chini kwa chini, "Wewe ni nani kwake?"

"Ni mimi nilimsemesha yale maneno," alisema Makokha, na hakuteremka mpaka bati la mwisho lilipokaa.

Ilikuwa nyumba ndogo, ya chumba kimoja, bila udongo ukutani. Jeneza liliingia kwa taabu. Caren aliingia nyuma yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mlango wa nyumba yake.

Baada ya mazishi, Kavutha alikuja kukaa naye. Habari ya ile ahadi alikuwa amesimuliwa ndani ya basi. Mpaka siku hiyo hakuwa anajua chochote.

"Mama Elsie, haki ya Mungu, ningejua ningelala nje na watoto wangu."

Caren alimshika mkono. "Ndiyo maana hakukuambia," alisema.

Kwako Caren, kwa Elsie na ndugu zake, kwa ukoo wote wa Alego, na kwa nyinyi mnaotusikiliza kambini kutoka redio ya jirani, poleni sana. Pokeeni pole zetu kwa mikono miwili.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Familia ya Kavutha bado iko pale. Usiku wa leo joto la mabati limegeuka baridi, na yule aliyekuwa akisimama mvuani kuangalia maji yanapita wapi hayupo. Mvua za vuli zinakaribia. Nani atakwenda kusimama?